Maji Yaliyofungiwa

Gladys Hiribae alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alisoma Gredi ya Sita huko Chara, kule chini ambako mto Tana unakaribia kumaliza safari yake. Aliishi na nyanya yake, Josephine, katika nyumba ya udongo yenye paa la mabati na jiko la nje. Mama yake alikuwa mpishi katika hoteli moja mjini Garsen, na alifika nyumbani kila mwisho wa mwezi, akiwa na sukari, sabuni na maswali mengi.

Kila asubuhi Gladys alifagia uwanja, akawafungulia kuku, akabandika maji ya chai. Kabla hajavaa sare za shule, nyanya yake humwuliza kutoka kitandani, "Mto unasemaje leo?" Naye Gladys hukimbia hadi ukingoni, akatazama kijiti walichokichomeka pale, kisha akarudi na habari: "Umeanza kupanda, Nyanya," au, "Bado unashuka."

Mgeni angeshangaa kusikia swali hilo, lakini watu wa Chara hawashangai. Bahari haiko mbali nao. Inapojaa, huyasukuma maji ya mto yarudi nyuma, nayo yakikosa pa kwenda hupanda juu na kuingia kwenye mifereji. Hivyo ndivyo wakulima wa huko wanavyonywesha mpunga wao, bila pampu wala petroli. Wanafungua tu lango la mbao mdomoni mwa mfereji, na maji yanaingia yenyewe.

Sasa, jambo lenyewe ni hili. Maji yanayotangulia ni ya mto, matamu. Yanayofuata nyuma yake yamechanganyika na ya bahari, na mpunga hauyawezi. Kwa hiyo anayefungua lango hana ruhusa ya kuondoka. Anakaa pale na kata yake, kifuu cha nazi kilichofungwa kwenye mti mrefu ili mtu asiingie majini walipo mamba. Anachota, anagusa kwa ncha ya ulimi, anatema. Anangoja kidogo, anachota tena. Ulimi ukihisi chumvi hata kidogo, lango linafungwa papo hapo.

Mwaka uliopita mto ulikuwa na maji machache, na chumvi iliwahi kuingia mashambani. Gladys aliukumbuka vizuri mwaka huo. Walikula mahindi ya msaada tangu Agosti hadi karibu na Krismasi, na nyanya yake alikuwa akisema ameshashiba kabla sufuria haijafika kwake. Mwaka huu mpunga ulikuwa umestawi, na masuke yalikuwa yameanza kuchungulia.

Siku ya Ijumaa, Mwalimu Dabaso aliandika neno moja kubwa ubaoni: MLIPUKO.

"Nani aniambie maana yake?"

"Bomu, mwalimu," akasema Nicholas, mvulana aliyependa kujibu kabla ya kuulizwa.

"Bomu ni kitu. Mimi nauliza mlipuko."

"Ni ule mlio wake. Buum," akasema Nicholas, na darasa likacheka.

Mwalimu alicheka nao, kisha akasema, "Neno hili lina watoto wengi kuliko mnavyodhani. Sitaki mlitafute katika kamusi. Nataka mkaulize watu. Kila mtu ana mlipuko wake, kulingana na kazi yake na mambo aliyoyaona. Jumatatu mniletee maana mlizopewa na majina ya waliowapa. Atakayeleta kazi nzuri zaidi ataisoma siku ya wazazi."

Gladys akashika kalamu kwa nguvu. Siku ya wazazi iliangukia mwisho wa mwezi. Akilini alimwona mama yake ameketi mstari wa mbele na kile kitambaa chake cha kijani, akiwaambia majirani, "Yule ni wangu."

Walipotoka, Nicholas alimwambia, "Wewe utamwuliza nani? Nyanya yako na kuku?"

"Utaona Jumatatu," akasema Gladys.

Jumamosi nyanya yake aliamka akiwa amevimba goti. Alijaribu kusimama mara mbili, akarudi kukaa.

"Leo utaenda kwenye lango peke yako," akasema. "Unaijua kazi?"

"Naijua, Nyanya."

"Nitajie."

"Nafungua maji yakianza kupanda. Naonja kila mara. Yakiwa na chumvi nafunga."

"Na ukichoka?"

"Sichoki."

"Utachoka," akasema Nyanya Josephine. "Kazi ya kukaa inachosha kuliko ya kulima. Ukichoka, choka ukiwa pale pale. Na kumbuka mfereji huo si wetu peke yetu. Maji yakitoka kwetu yanaingia kwa Mzee Kassim."

Gladys alifungua lango saa mbili. Maji yaliingia polepole, yakibeba majani makavu na povu jembamba. Akaonja: matamu. Akaonja tena, matamu. Alipoonja mara ya nne jua lilikuwa limeanza kuuma, na daftari lake la Kiswahili lilikuwa tupu mapajani.

Hapo akapita rafiki yake aliyeitwa Binti, mjukuu wa Mzee Kassim, amebeba ndoo ya samaki kichwani.

"Mbona umekaa kama kuku anayeatamia?"

"Nalinda maji. Wewe umepata milipuko mingapi?"

"Mitatu, na sijamaliza. Nesi amekuja leo, yuko kivukoni anawapima watoto. Na Athman anatengeneza injini yake pale pale. Ukichelewa wataondoka."

Gladys akachota maji, akaonja. Yalikuwa matamu kama ya mtungi. Akajiambia kwamba kivukoni si mbali, ni mara moja tu kwenda na kurudi. Akaweka kata chini, akachukua daftari.

Athman alikuwa mvuvi mwenye maneno mengi na mikono myeusi kwa oili. Alipoulizwa, alikunja mkono wa shati na kumwonyesha kovu lililong'aa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Huu ndio mlipuko wangu. Nilikuwa namimina petroli kwenye tangi, na mwenzangu karibu yangu anawasha sigara. Petroli haingoji uiguse na moto. Ule mvuke wake tu unatosha. Andika hivyo, na uandike kwamba siku hizi yule mwenzangu namfukuza hata akishika kiberiti cha kupikia."

"Na mwingine?"

"Mwingine ni mke wangu, nikirudi bila samaki," akasema Athman. "Huo usiandike."

Nesi aliitwa Bi. Charity. Alikuwa akimpima mtoto mmoja aliyekuwa akilia kwenye mizani, na hakuinua macho.

"Kwetu sisi mlipuko hauna kelele, mwanangu. Leo anaharisha mtu mmoja, kesho kutwa ni kumi, wiki ijayo ni kijiji. Mlipuko wa kipindupindu unaanza kimya kimya, kwenye kikombe cha maji yasiyochemshwa. Ndiyo maana tunawaomba watu watuambie mapema, lakini wanaona haya. Wanaficha mgonjwa hadi amekauka."

Gladys aliandika yote. Kulikuwa na foleni ya kina mama, na kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alieleza jinsi watu walivyoongezeka Garsen hadi viwanja vikaisha, akasema redioni waliuita mlipuko wa watu. Mwingine alikumbuka kicheko kilicholipuka kanisani siku mbuzi alipoingia katikati ya mahubiri. Gladys alicheka hadi akasahau alikotoka. Alipogeuza ukurasa wa tatu, aliona kivuli chake kimejikunja chini ya miguu. Ilikuwa saa sita.

Alikimbia. Alipofika, mfereji ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na maji yametulia tuli. Akachota, akaonja.

Chumvi ilimshika ulimini hadi kooni.

Akaonja upande wa shambani. Chumvi. Akatembea juu ya tuta hadi katikati ya mpunga, akaonja tena. Chumvi.

Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Basi akafanya lile ambalo mtu mwenye hofu hulifanya upesi bila kulifikiri: akalisukuma lango likashuka, akalishindilia udongo pembeni kama nyanya yake alivyomfundisha, akaupiga kwa kiganja ukawa laini. Mtu yeyote ambaye angepita angesema kazi imefanywa vizuri.

Nyumbani, Nyanya Josephine alimpakulia wali na samaki wa nazi.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Nyanya."

"Yalikuwa matamu?"

"Matamu."

Wakati huo huo Mzee Kassim akabisha hodi. Alikuwa mzee mrefu, mpole, ambaye shamba lake lilipakana na la kwao. Alikuja kumjulia hali jirani yake.

"Josephine, goti lasemaje?"

"Linasema sana, Mzee. Halinyamazi."

"Pole. Nimepita kwenye lango sasa hivi. Huyu mtoto kalishindilia vizuri, hata mimi singeweza. Mama yake alikuwa hivyo hivyo, akishika kazi ameishika." Akamgeukia Gladys. "Mimi na mpunga wangu twakushukuru, mjukuu wangu."

Gladys alitazama sahani. Wali ulikuwa mweupe, wa mchele wa kununua, kwa maana wao mwaka jana hawakuvuna, naye akausukuma kando. Aliomba ruhusa ya kwenda kuangalia ndege wasile mpunga.

Shambani hapakuwa na ndege. Kulikuwa na vyura. Walikuwa wametoka majini, mchana kweupe na jua kali, wamejipanga juu ya tuta kama watu waliohamishwa na mafuriko. Wengine walipanda juu ya mashina ya mpunga. Gladys aliwatazama kwa muda mrefu. Hao walikuwa na miguu ya kutokea. Mpunga haukuwa nayo.

Alijua jambo lingine pia, na ndilo lililomchoma zaidi. Mto ulikuwa ukishuka. Tangu saa sita maji yalikuwa yanarudi baharini, na kama lango lingekuwa wazi, ile chumvi pia ingekuwa inatoka sasa. Jioni mto ungeanza kupanda tena. Kesho mchana ungekuwa umejaa, na mpunga umelala usiku kucha katika chumvi. Ingewezekana anyamaze. Watu wangesema chumvi imepenya ardhini, kama mwaka jana. Hakuna ambaye angejua.

Akamkumbuka nyanya yake akisema ameshashiba.

Alirudi nyumbani, akasimama mlangoni. Nyanya Josephine alikuwa akijisugua goti kwa mafuta ya nazi.

"Nyanya, maji si matamu."

Nyanya aliinua kichwa.

"Niliondoka. Nilikwenda kivukoni kuulizia kazi ya shule. Niliporudi chumvi ilikuwa imeshaingia, nikafunga ili ionekane nimefanya kazi. Imefungiwa ndani. Imeenda hadi kwa Mzee Kassim."

Gladys alingoja kelele, hata kofi. Nyanya Josephine alifunika chupa ya mafuta, akaiweka chini.

"Ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Mto bado unashuka?"

"Bado."

"Nipe ile fimbo yangu. Kisha kimbia kwa Mzee Kassim, umwambie kama ulivyoniambia. Usipunguze neno. Mwambie aje na jembe."

Kumwambia nyanya kulikuwa kugumu, lakini kumwambia Mzee Kassim, aliyemshukuru saa chache tu zilizopita, kulikuwa kugumu zaidi. Gladys alisema yote akiwa amekazia macho vidole vyake vya miguu. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akavuta pumzi, akaingia ndani, akatoka na majembe mawili.

"Binti," akaita, "leta na beleshi. Tuna saa tatu."

Walikuta Nyanya Josephine ameshafika, anaegemea fimbo. Waling'oa udongo ule laini, wakaliinua lango. Maji yalitoka kwa kishindo, yakiporomoka kuelekea mto uliokuwa umeshashuka. Lakini lango moja halikutosha. Mzee Kassim akawaongoza kukata tuta upande wa chini, mahali pawili, kisha wakafungua vijia vidogo kati ya jaruba na jaruba, vile vipande vya shamba vilivyozungukwa na matuta, ili maji yasibaki yametuama. Walilima matope yakawafika magotini. Gladys alitoka malengelenge, yakapasuka, akafunga kitambaa na kuendelea.

Walipopumzika kidogo, Binti alimwuliza babu yake, "Na wewe, Babu, mlipuko wako ni upi?"

Mzee alijifuta jasho. "Mimi nilikuwa fundi wa mitumbwi zamani. Bwana aliyenifundisha, mtu akichonga upesi upesi ili aonekane amemaliza, yeye humwambia, 'Umeilipua kazi.' Mtumbwi wa kulipua wapendeza ukiwa nchi kavu." Hakumtazama Gladys alipokuwa akisema hivyo, na Gladys akamshukuru moyoni kwa kutomtazama.

Jua lilipokuwa likizama, mashamba yote mawili yalikuwa matope matupu, na mto ulikuwa umeanza kugeuka. Wakaziba matuta, wakashusha lango.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nyanya Josephine alivaa nguo za shambani badala ya za kanisani.

"Hatuendi?" akauliza Gladys.

"Mungu atatukuta shambani. Anapajua."

Maji yalianza kupanda saa tatu. Safari hii walikaa watatu langoni: Gladys, nyanya yake na Mzee Kassim, na kata ilikuwa mkononi mwa Gladys. Alionja tangu tone la kwanza. Matamu. Waliyaacha yaingie, yakaosha matope. Alionja, akatema, akaonja, hadi ulimi ukafa ganzi na Nyanya akampa kipande cha embe bichi autulize. Saa tano na nusu alisimama.

"Sasa," akasema.

Mzee Kassim alionja. "Mimi sisikii kitu."

Nyanya Josephine alionja. Alifumba macho, akatafakari. "Ipo," akasema. "Kidogo sana. Funga."

Kwa siku tano mfululizo walifanya hivyo, wakiingiza maji matamu na kuyatoa ya zamani. Siku za shule Nyanya na Mzee walilinda wenyewe. Darasani, Jumatatu ile, Gladys alisimama mbele na mikono iliyofungwa vitambaa. Alisoma habari za kovu la Athman, na za nesi, na za viwanja vya Garsen. Alipofika kwenye kazi ya kulipua, Mwalimu Dabaso alimwuliza kama alikuwa na mfano. Gladys angeweza kutaja ule wa mtumbwi. Alitaja wa kwake, mwanzo hadi mwisho. Nicholas, ambaye wazazi wake pia walilima mpunga, hakucheka. Nafasi ya kusoma siku ya wazazi aliipata Binti, aliyekuwa na maana tisa na mwandiko mzuri.

Baada ya majuma mawili, Nyanya Josephine, ambaye goti lake sasa lilimruhusu kutembea, alizunguka shamba lote na mjukuu wake. Pembeni, mahali palipo na bonde, mpunga ulikuwa umeungua, njano kama makuti makavu. Upande wa Mzee Kassim mistari mitatu ilikufa. Uliobaki ulikuwa umeinamisha masuke, na ukiyabonyeza punje zilitoa maziwa.

"Tutavuna?" akauliza Gladys.

"Tutavuna. Mzee atapata magunia mawili kutoka kwetu, ya kufidia mistari yake. Nimeshamwambia."

Wakaketi juu ya tuta. Nyanya alinyoosha mguu wake mbaya.

"Nikwambie jambo, Gladys. Kuondoka langoni lilikuwa kosa. Lakini mtoto husahau, na hata mimi nilipokuwa kama wewe niliwahi kuusahau mlango wazi, mbuzi wakala mahindi ya baba yangu. Hilo silo lililoniumiza. Lililoniumiza ni pale uliposhusha lango. Maji yalikuwa yanataka kurudi yenyewe baharini, wewe ukayafungia, ili mimi nisijue. Ungechelewa hadi Jumapili, tusingekuwa na kitu hapa."

"Niliogopa, Nyanya."

"Najua. Ndiyo maana sikukupiga. Kila mtu huogopa. Hata yule nesi amekwambia watu wanaficha wagonjwa kwa haya, mpaka mmoja anakuwa kijiji. Ukiharibu kitu, kiseme kikiwa bado kidogo, kisha uje unisikilize nikikasirika. Hasira yangu inapita. Njaa haipiti upesi."

Gladys aliitikia kwa kichwa. Nyanya Josephine alivunja suke moja, akalitafuna, akalitema kando.

"Kesho si siku ya shule," akasema. "Maji yataanza kupanda saa moja na nusu. Mimi nitakwenda kanisani mapema kupanga viti, na Mzee Kassim ana safari ya Garsen."

"Nani atalinda lango?"

Nyanya alijiinua kwa fimbo yake, akapangusa udongo kwenye leso, akaanza kutembea kuelekea nyumbani.

"Kaishike ile kata uikaze kamba yake," akasema bila kugeuka. "Jana niliiona imelegea."